Msaada Ulikwenda Chooni

Mchana wa jua kali, walinzi sita wenye virungu waliruka kutoka kwenye pikapu ya kampuni, wakaingia mbio katika uwanja wa zahanati na kuvunja mlango wa choo. Ndani walimkuta mlinzi mwenzao amechuchumaa, gazeti mkononi, redio yake ya mkononi ikining'inia kwenye msumari.

"Wako wapi?" walimfokea.

"Nani?"

"Wezi!"

"Humu?" aliuliza yule mtu, akijifunika gazeti. "Waibe nini humu?"

Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walisogea kutazama. Hata mmoja aliyeletwa asubuhi kwa kubebwa alisimama mwenyewe.

Wakati huohuo, upande mwingine wa mji, kwenye ghala la magodoro, mlinzi mwingine alikuwa amelazwa sakafuni, amefungwa kwa nailoni ileile ya kufungia magodoro, akitazama lori likipakiwa. Wezi hawakuwa na haraka. Mmoja alikuwa analikalia kila godoro kwanza, kama mteja. Mlinzi yule alikuwa amebonyeza kitufe cha dharura, kile cha rangi ya chungwa kilicho juu ya redio kando ya antena, tangu lori lilipoingia kinyumenyume. Alikibonyeza tena na tena mpaka walipompokonya redio na kuitupa pembeni. Akangoja wenzake. Wenzake walikuwa chooni.

Mlinzi huyo wa ghala ni mdogo wake mke wa Fundi, mtengeneza redio. Anakaa kwa dada yake, katika chumba cha uani, na mtaa mzima unamwita Shemeji, hata watu ambao hawakuoa kwao. Jioni ile hakurudi nyumbani. Mkuu wa kampuni alimpakia kwenye pikapu na kumfikisha polisi.

Mkuu huyo walinzi wake humwita Ova, akiwa hayupo. Miaka mingi ya kuongea kwenye redio ilimharibu. Hawezi kumaliza maneno bila kusema "ova", neno la redioni la kumpisha mwenzako aseme, liwe jambo la kazi au salamu za msiba.

"Skrini yangu ya ofisini haidanganyi," alimwambia Shemeji mbele ya sajenti. "Ukibonyeza dharura, inawaka nyekundu na kutaja lindo lako. Imetaja zahanati. Ghala halikutajwa. Maana yake hukubonyeza. Maana yake hao wezi unawajua. Ova."

"Nimebonyeza, Mkuu. Naapa."

"Sijakwambia uongee. Ova."

Kesho yake mke wa Fundi alikwenda kituoni na bakuli la chakula, akarudi na bakuli tupu. Chakula chenyewe kilikaguliwa pale kaunta, kijiko baada ya kijiko, mpaka kikaisha.

Sebule yao ndiyo karakana. Meza imesukumwa dirishani, juu yake bisibisi za kila ukubwa, chupa ya spiriti, miswaki ya zamani ya familia nzima ya kusugulia kutu, na redio zilizofunguliwa matumbo. Mama yake Fundi, ambaye wote humwita Bibi, alikuwa kwenye kochi akishona kifungo cha sare ya shule.

"Wanasemaje?" Fundi aliuliza bila kuinua macho.

"Wanasema wiki hii anapelekwa mahakamani. Eti ameshirikiana na wezi. Mdogo wangu mimi! Yule hata kuiba usingizi kazini anaogopa!" Akaweka bakuli chini. "Amenishika mkono kwenye nondo. Ananiambia, dada, mimi nimebonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Hebu wewe uniambie, si ndiyo kazi yako? Inawezekana mtu abonyeze na msaada usije?"

Fundi alikuwa akilehemu waya. Akalehemu kidole chake.

"Inawezekana," alisema, akikinyonya. "Vitu vya umeme hivi vina mambo yake."

"Mambo gani?"

"Mambo tu. Mengi."

Bibi alikata uzi kwa meno. "Huyu tangu mdogo, akisema kitu kina mambo yake, ujue amekivunja yeye."

"Mama, na wewe!"

"Mimi nashona. Sijasema kitu."

Fundi alijua. Alijua tangu mkewe alipotamka neno kubonyeza.

Kawaida yake hufungua redio moja, akaisafisha, akaifunga, ndipo akaishika nyingine. Lakini mwezi uliopita kampuni ilimletea zote kwa mpigo, zimejaa vumbi, jasho na makombo ya karanga, na Ova alizitaka upesi. Akazifungua zote. Maganda ya plastiki alimpa mkewe, akayaosha kwenye beseni kwa sabuni na maji ya moto kama vyombo vya jikoni, Bibi akayafuta. Hayo hayakuwa na shida, kila ganda limeandikwa jina la lindo kwa rangi ya kucha. Shida ni bodi, matumbo yenyewe ya redio. Kila bodi ina namba yake ndani, ambayo macho hayaioni na skrini ya Ova inaisoma. Fundi alikuwa amezipanga mezani kwa mstari: hii ya ghala, hii ya shule, hii ya zahanati. Kwa kutazama zinafanana kama mayai. Watoto wakarudi na njaa, mkewe akataka meza. Akazikusanya bodi zote kwa mikono miwili, akazitia kwenye sinia.

"Niziweke wapi?" aliuliza.

Fundi aliliangalia lile sinia. Kulikuwa na mengi ya kusema.

"Weka tu hapo," alisema.

Balaa nyingi za nyumbani huingia hivyo, bila kubisha hodi, kwa "weka tu hapo". Kuzitambua bodi kulitaka azichomeke mojamoja kwenye kompyuta yenye waya maalumu, na kompyuta ni ya fundi mwenzake ambaye hupenda kubembelezwa. Fundi hakuwa na hamu ya kumbembeleza mtu. Akatia bodi yoyote katika ganda lolote, akajaribu: moja, mbili, moja, mbili. Zote ziliongea. Redio ni redio, alijiambia. Walinzi wakiitana hutaja malindo yao kwa mdomo. Skrini hushtuka kwa dharura tu, na dharura hakuna aliyethubutu kuijaribu, kwa kuwa Ova humkata mshahara anayebonyeza bila kuonyesha mwizi.

Asubuhi iliyofuata Fundi alivaa shati la kwendea harusini, akaenda ofisini kwa Ova. Alikalishwa kwenye benchi la nje pamoja na walinzi wa pikapu, ambao walikuwa bado wanabishana nani alipiga mlango wa choo teke la kwanza. Mmoja alimtuma Fundi akawanunulie sigara. Akaenda.

Alipoitwa ndani, Ova alikuwa anakula ndizi.

"Mkuu, nimefikiria usalama," Fundi alisema. "Baada ya lile tukio, ni vizuri redio zote zikaguliwe."

"Kwa bei gani? Ova."

"Bure, Mkuu."

Ova aliacha kutafuna. Hakuna fundi aliyewahi kumtamkia neno hilo.

"Bure kabisa? Ova."

"Nasikitika tu, yule kijana ni shemeji yangu. Naona aibu."

"Una haki ya kuona aibu. Chukua zote, na ya pikapu, na hiyo ya ghala imo kabatini, polisi waliitaka nikawanyima. Mali ya kampuni. Kesho niwe nazo. Leo watapigiana miluzi. Ova."

Fundi alizibeba kwenye kikapu cha sokoni. Akapitia kwa mwenye kompyuta, akabembeleza, akasifia mpaka watoto wa yule bwana, akaipata. Njiani alijipangia hesabu yake: kila bodi itarudi kwenye ganda lake, hakuna atakayejua kitu, na Shemeji ataachiwa tu, polisi wakimchoka.

Mkewe aliingia akakuta meza imejaa. Kwa mara ya kwanza tangu juzi uso wake ulilegea.

"Umepata kazi! Zote hizi?"

"Ndiyo."

"Wamelipa kitu? Nataka kumtafutia mdogo wangu wakili, hata wa kukodi nusu."

"Hii ni ya bure."

"Ya bure? Kwa Ova? Umerogwa?"

Akavuta kiti. Akaona redio tatu zimefungwa upande huu, nyingine ziko wazi upande ule, na moja peke yake pembeni, haijaguswa. Ganda lake limeandikwa GHALA. Akaichukua.

"Usiishike hiyo!"

"Kwani inang'ata?"

"Iache, mama watoto."

Hakuiacha. Alimtazama mumewe, akakitazama kidole kilichoungua, akakitazama kitufe cha chungwa.

"Nikibonyeza hapa, kule kwa Ova skrini itasema nini?"

Fundi akaifunga chupa ya spiriti.

"Baba watoto. Nakuuliza."

"Itasema zahanati."

Bibi, kwenye kochi, aliweka sindano chini.

"Kwa hiyo alibonyeza," mkewe alisema polepole.

"Alibonyeza."

"Na hapa unafanya nini?"

"Nazirudisha zilivyokuwa. Isitokee tena."

"Ukimaliza, hii ya ghala itasema ghala?"

"Ndiyo."

"Halafu Ova ataibonyeza mbele ya hakimu, itasema ghala. Hakimu atasema, si hii hapa inafanya kazi? Huyu kijana mwizi. Ndiyo unachokitengeneza?"

Fundi aliitazama bisibisi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mteja mmoja.

"Nikisema, kazi imekwisha," alisema. "Nani mwingine ananiletea redio hapa? Watoto watakula nini, spiriti?"

"Na mdogo wangu anakula nini kule? Chakula chake kinashibisha sajenti!"

"Wewe ndiye uliyezikusanya bodi," Fundi alisema, na palepale akatamani ayarudishe.

"Mimi! Mimi ndiye! Nimekusanya kwa mikono yangu hii. Nikakuuliza niweke wapi. Mimi mwosha vyombo nauliza, wewe fundi unajibu. Ulijibu nini? Sema mbele ya mama yako."

Fundi aliinama kuokota skrubu.

"Alisema weka tu hapo," Bibi alisema. "Nikafurahi. Nikadhani mwanangu leo amekua, hagombani." Akajikunja kuinuka, magoti yakilia. "Sikiliza wewe. Kesho unakwenda kwa huyo mla ndizi unamwambia. Ukishindwa nakwenda mimi. Na mimi nikianza kusema sichagui. Nitasema mpaka ulivyokojoa kitandani mpaka darasa la nne."

"Mama!"

"La tano," Bibi alisema. "Nilikuwa nakustahi."

Walikwenda wawili, Fundi na mkewe, kikapu katikati yao. Zile tatu alikuwa amezifungua tena na kuzivuruga kama zilivyokuwa, kazi ambayo fundi hataki kuonekana akiifanya. Walinzi wa pikapu walikuwa benchini wakicheza karata. Ndani alikuwamo Ova na opareta, msichana anayekaa chini ya skrini akisuka nywele zake mwenyewe.

"Zimekwisha? Ova."

Fundi alifungua mdomo. Akakohoa. Akaomba maji. Akanywa, akaomba tena. Mkewe alikuwa anatazama feni ya darini, na ilikuwa wazi kwamba hatamsaidia hata neno moja.

"Mkuu," Fundi alisema mwishoni, akimpa redio ya ghala. "Bonyeza dharura."

"Ili nijikate mshahara? Ova."

"Bonyeza tu, Mkuu."

Ova alibonyeza. King'ora kikalia, skrini ikawa nyekundu, na kwa herufi kubwa kuliko kichwa cha opareta ikaandika ZAHANATI.

"Zahanati!" opareta alipiga kelele dirishani, kwa mazoea. Karata zikamwagika. Virungu vikachukuliwa. Pikapu ikanguruma.

"Rudini, pumbavu! Ova!" Ova alifoka, lakini walishaondoka. Akaiweka ya ghala mezani, akanyakua redio yake ya ofisini. "Pikapu, pikapu, rudini! Ova!" Sauti yake ikatokea ndani ya kikapu cha sokoni, katika redio zote pamoja, hadi kikapu kikapiga yowe. Redio ya pikapu nayo ilikuwa humo.

Yowe lilipokatika, Fundi alisema yote: bodi, beseni, sinia, weka tu hapo. Aliyasema akitazama viatu vya Ova. Alipomaliza, Ova alimtuma opareta nje akalete chai, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua? Ova."

"Sisi, Mkuu. Na mama."

"Basi sikiliza. Mlinzi akishirikiana na wezi, hasara ni bahati mbaya. Redio ikikosea, hasara ni yangu, magodoro yote nayalipa mimi." Akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza akasahau kumaliza kama kawaida yake. "Zirudishe sawa, kimyakimya, kama ulivyoanza. Nafungua tawi jipya. Redio zote za huko ni zako. Kijana atatoka tu. Wanatokaga."

Feni ilizunguka. Fundi aliiona ile meza yake imejaa redio mpya, maganda hata hayajakwaruzwa. Aliiona vizuri sana, na mkewe alimwona akiiona. Hakumsukuma, hakukohoa. Alishika tu ukingo wa kikapu.

"Hapana, Mkuu," Fundi alisema. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayekataa kuongezewa chakula. "Nakwenda polisi."

"Na redio yangu unaiacha hapa. Mali ya kampuni. Ova." Akanyoosha mkono.

Fundi aliwahi. Aliichukua ile ya ghala mezani, akampitishia mkewe, na mkewe, bila kufikiri, akaitumbukiza kifuani mwa gauni lake, antena ikabaki imechungulia chini ya kidevu.

"Haya," alisema. "Ichukue, Mkuu."

Opareta alikuwa mlangoni na chai. Ova alimtazama opareta, akaitazama antena, akaurudisha mkono wake mfukoni.

"Fundi," alisema, "usikanyage tena hapa. Ova."

Kituoni sajenti hakuamini mpaka alipobonyeza mwenyewe na opareta akasema kwenye simu ni zahanati. Akabonyeza mara ya pili, maana ya kwanza ilimpendeza. Fundi aliandikishwa maelezo, akatukanwa kidogo, akaambiwa asisafiri, ataitwa. Mwenye magodoro naye lazima apate mtu wa kumlaumu. Kisha kijana akatolewa.

Shemeji alitoka ameishika suruali yake kwa mkono mmoja.

"Mkanda wangu, afande?"

"Kwani ulikuja na mkanda?" sajenti aliuliza, akivuta wake juu ya tumbo. Ulikuwa mpya.

Dada yake alitaka kumkumbatia, lakini Shemeji alikuwa anamtazama Fundi. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Shemeji. Ulijua lini?"

Fundi angeweza kusema jana. Hata mkewe alidhani ni jana.

"Siku ya kwanza dada yako alipotoka kukuona," alisema.

"Na hukuja."

"Sikuja."

Mkewe aligeuka akamtazama kama mtu aliyekuta kitu kingine ndani ya bakuli lake.

Fundi alifungua mkanda wake mwenyewe, akautoa, akampa. Shemeji aliukataa kwa kichwa. Suruali ikateleza. Akaupokea. Ulikuwa mkubwa, tundu la mwisho halikumfikia, amekonda. Fundi akatoa bisibisi nyembamba mfukoni, akapiga goti pale mlangoni mwa kituo, watu wakipita, akatoboa tundu jipya kwenye ngozi. Shemeji akaukaza. Hakusema asante.

Wakaondoka kwa miguu, Shemeji mbele, dada yake nyuma yake, Fundi wa mwisho, mikono yote miwili kiunoni. Walipokaribia kwao walikutana na jirani, mwenye duka la kona, mtu wa maneno mengi.

"Shemeji, umetoka! Hongera! Fundi, mbona hunipi mkono? Tumegombana?"

Fundi aliachia suruali upande mmoja, akampa mkono.

"Na kazi zinaendaje?"

"Nimefukuzwa."

"Wewe? Kisa?"

"Ni mambo ya..." Fundi alianza, akatafuta macho ya mkewe. Mkewe alikuwa amesimama. Hata Shemeji alikuwa amesimama, amegeuka, mkanda wa watu kiunoni, anangoja. Mwenye duka alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaona kuna jambo, akaegemea ukuta vizuri ili alisikie.

Basi Fundi, mkono mmoja ameshikilia suruali, jua limemkalia kichwani, akaanza kueleza tangu siku ya beseni. Kila alipotaka kuruka kitu, mkewe alisema, "Bado."